Kwa nini tairi jipya la pikipiki hugoma kukaa kwenye rimu: kisa kilichoanza kwa daktari wa mifugo

Leo tuweke jembe pembeni kidogo. Tangu mvua zianze nimepokea maswali mengi ya viwavijeshi na mbolea ya kukuzia, lakini swali moja limenijia kutoka kwa watu watatu tofauti na wala halihusu shamba. Mtu ananunua tairi jipya la pikipiki, analifunga, anajaza upepo, kisha sehemu moja ya tairi inabaki imezama ndani ya rimu. Anaongeza upepo, haitoki. Anapigapiga kwa nyundo, haitoki. Mwishoni anasema tairi ni bovu, anarudi dukani kugombana na muuzaji.

Usidhani hili ni la mafundi peke yao. Gurudumu ambalo tairi lake limezama upande mmja linaruka kila likizunguka. Ukiwa mtupu utavumilia, lakini ukipakia kreti za nyanya au trei za mayai, mnunuzi ndiye atakayekuonyesha hasara. Kubaya zaidi ni kwa tyubu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mgeni katika kata moja, fundi alinifungia tairi la nyuma likabaki limezama karibu na valvu. Akaniambia, "Nenda tu afisa, litakaa lenyewe njiani." Nilikuwa nimebeba chanjo ya kideri, ile inayotaka ubaridi, ndani ya kikasha cha barafu. Baada ya kilomita kama kumi na mbili tyubu ikakatika kwenye shina la valvu, mahali ambapo kiraka hakishiki. Nilisukuma pikipiki mpaka jua la utosi. Barafu ikaisha, chanjo ikaharibika, kuku wa kitongoji kile hawakuchanjwa siku ile. Wiki mbili baadaye kideri kikapita.

Kwa hiyo nililisoma jambo hili kwa hasira kidogo. Nikagundua kwamba ukijua tairi limetokea wapi, dawa ya kugoma kwake unaiona mwenyewe. Basi twende pamoja, maana kisa chenyewe kinaanza kwa mtu wa kazi inayofanana na yangu.

John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo, Mskoti aliyefanya kazi mjini Belfast, Ireland. Alikuwa na mtoto wa kiume aliyependa baiskeli yake ya magurudumu matatu. Wakati ule magurudumu yalivishwa mpira mgumu usio na upepo, na barabara zilikuwa za mawe. Mwishoni mwa mwaka 1887 Dunlop alichukua bomba la mpira mwembamba, akalizungusha kwenye duara la ubao, akalifunika kwa kitambaa cha kitani na kukipigilia misumari, kisha akalijaza upepo kwa pampu ya mpira wa miguu. Akavingirisha duara lile uani pamoja na gurudumu la zamani. Lile la zamani lilisimama njiani. Lile la upepo lilivuka ua lote. Mwaka 1888 akapata hati ya kulinda ubunifu wake.

Kumbe hakuwa wa kwanza. Mskoti mwingine, Robert William Thomson, alikuwa amepata hati ya gurudumu la upepo tangu 1845, kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Baiskeli zilikuwa bado hazijaenea na mpira ulikuwa ghali, kwa hiyo wazo lake likasahaulika. Lilipokumbukwa, hati ya Dunlop ilibatilishwa. Lakini biashara ilikuwa imeshaanza na jina lake likabaki.

Sasa shika jambo hili moja, kwa sababu ndipo tatizo letu lilipozaliwa. Tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwa gundi na kufungwa kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye rimu. Halikutoka. Ukipata pancha, ilikupasa kubandua kitambaa, kutafuta tundu, kuziba, kugandisha upya na kusubiri gundi ikauke. Pale Clermont-Ferrand, Ufaransa, ndugu wawili wa familia ya Michelin waliokuwa na karakana waliletewa baiskeli ya namna hiyo yenye pancha. Kazi iliwachukua saa nyingi, ikabidi gundi iachwe ikauke usiku kucha. Wakaona hapa pana fedha kwa atakayetengeneza tairi linalotoka na kurudi. Mwaka 1891 walileta tairi lililoshikwa kwa boliti, na mwaka huo huo Charles Terront alilitumia kushinda mashindano ya baiskeli ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200.

Ila boliti hazikuwa jibu la mwisho. Swali lilikuwa gumu kuliko linavyoonekana: utafanyaje tairi litoke kirahisi mkononi mwa fundi, lakini lisitoke kamwe barabarani? Majibu mawili yalitoka Uingereza mwaka mmja, 1890.

Jibu la kwanza lilikuwa la William Bartlett, Mmarekani aliyeongoza kiwanda cha mpira huko Edinburgh. Yeye alitengeneza tairi lenye kingo za mpira zilizonona, zinazoingia chini ya midomo ya rimu iliyokunjwa kwa ndani kama ndoana. Upepo ukijaa, unazisukuma kingo zile zishike kwenye ndoana. Kingo zake ziliweza kuvutika, kwa hiyo ulilivuta tairi juu ya rimu likaingia. Tatizo lake unaweza kulikisia: kilicholishikilia tairi ni upepo. Upepo ukipungua, tairi linaweza kutoka kwenye rimu ukiwa mwendoni.

Jibu la pili lilikuwa la Charles Kingston Welch wa London, na ndilo lililo chini ya pikipiki yako leo. Welch aliweka waya usiovutika ndani ya kila ukingo wa tairi, ukawa duara la kipimo kimoja, dogo kuliko mdomo wa nje wa rimu. Tairi likishakaa mahali pake, haliwezi kuruka mdomo ule, hata upepo ukipungua kiasi, kwa sababu waya haurefuki. Lakini kama waya haurefuki, utaingiaje? Hapo ndipo Welch alipoonyesha akili. Katikati ya rimu aliweka mfereji uliozama. Upande mmja wa ukingo ukidumbukia mfereji huo, upande wa pili unapata nafasi ya kuvuka mdomo wa rimu.

Kina mama wataelewa hili kabla ya mafundi. Chukua bangili isiyofunguka. Ni ndogo kuliko kiganja kilichokunjuliwa, wala haivutiki. Inapitaje? Unakunja kidole gumba kiingie ndani ya kiganja, unapaka sabuni, inapita. Ikishafika kwenye kifundo, unakunjua mkono na bangili haitoki tena. Mfereji wa Welch ndio kule kukunja kidole gumba. Fundi anayelazimisha tairi kwa liva mbili na goti huku upande wa pili haujaingia mfereji ni sawa na anayesukuma bangili kwenye kiganja kilichokunjuliwa. Ama atakata tyubu, ama atapinda mdomo wa rimu, na waya ukikatika tairi hilo limekwisha.

Kampuni ya Dunlop ilinunua hati ya Welch. Kwa miaka zaidi ya thelathini matairi ya aina zote mbili yalitumika, na pikipiki nyingi za mwanzo zilivaa lile la ndoana. Kadiri pikipiki zilivyoongeza kasi na uzito, tairi linaloshikwa na upepo tu likazidi kuwa la hatari. Katika miaka ya 1920 pikipiki zikahamia kwenye tairi la waya na rimu yenye mfereji, na mpaka leo ziko huko. Ukisoma 3.00-17 au 2.75-18 ubavuni mwa tairi, namba ya mwisho ni kipimo cha mahali waya ule unapokalia, kwa inchi.

Nisikuache ukidhani kisa hiki ni cha Wazungu na baiskeli zao tu. Tairi la upepo lilipopata soko, dunia ilitaka mpira kwa fujo, na wakati ule mwingi ulitoka kwenye mimea ya porini. Katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, wanavijiji walilazimishwa kuleta kiasi kilichopangwa cha utomvu. Walioshindwa walichapwa, wake zao walishikwa mateka, na watu walikatwa mikono. Mambo hayo yalipofichuka, Leopold alinyang'anywa nchi ile mwaka 1908 ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Hapa kwetu Wajerumani walipanda mashamba ya mpira wa Ceará, mti uliotoka Brazili, hasa upande wa Tanga. Bei ilipoanguka mwaka 1913, kwa sababu mpira wa mashambani kutoka Asia ulikuwa umejaa sokoni, mashamba mengi yaliachwa. Mti wenyewe haukuondoka. Ndugu msomaji wa Muheza au Morogoro, ukila kisamvu cha mpira unakula majani ya mti huo. Na kwa kuwa ni jamaa wa muhogo, watafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara, waliuzalisha na muhogo kutafuta mbegu zinazostahimili batobato. Nimetoka nje ya mada, najua, lakini afisa ugani akipita karibu na muhogo hawezi kunyamaza.

Turudi kwenye rimu. Umeshaona kwamba wakati wa kufunga tairi, ukingo lazima uingie mfereji. Lakini mfereji si mahali pa kukaa. Pande zote mbili za mfereji kuna ngazi, na ukingo unatakiwa upande kutoka mfereji mpaka kwenye ngazi hiyo, ukabane na mdomo wa rimu mzunguko mzima. Kinachoupandisha ni upepo. Kinachouzuia ni msuguano wa mpira mkavu juu ya chuma, na kutu, na mabaki ya mpira wa zamani yaliyoganda kwenye ngazi. Mara nyingi pia tairi jipya limesafiri kutoka kiwandani likiwa limebanwa na mengine, kingo zake zimekaribiana, na mpira umezoea umbo hilo.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalioni, na ndilo nililokuwa nalitafuta mimi. Waya ni duara la kipimo kimoja. Ukiona sehemu moja imezama, basi sehemu inayoielekea upande wa pili imepanda kupita kiasi. Tairi halijakaa katikati. Kwa hiyo kuhangaika na sehemu iliyozama peke yake, kuipaka sabuni peke yake, kuipiga nyundo peke yake, ni kama kulaumu upande mwepesi wa mizani. Upande mzito ndio unaoushikilia.

Ukijua hivyo, kazi inakuwa hivi. Kabla ya kufunga tairi jipya, sugua ngazi zote mbili za rimu kwa msasa au brashi ya waya mpaka kutu na mabaki ya mpira yatoke, na hakikisha ule mkanda unaofunika vichwa vya spoki upo na haujachanika. Tairi lililobanwa lianike juani saa moja hivi, likiwa limetanuliwa kwa vijiti, lilainike. Tia tyubu upepo kidogo tu, ipate umbo la duara, ndipo uiingize. Anza kuingiza ukingo upande usio na valvu na umalizie kwenye valvu, huku ukikanyaga upande wa kwanza ubaki ndani ya mfereji. Ukimaliza, sukuma shina la valvu ndani kisha ulivute, ili tyubu isibanwe chini ya ukingo pale. Nati ya valvu usiikaze hata kidogo. Iache kwenye ncha ya shina, karibu na kifuniko, ili tyubu iweze kujisogeza. Nati iliyokazwa mapema ndiyo iliyonigharimu chanjo yangu.

Sasa povu. Koroga sabuni na maji yawe mazito kidogo, upake kwa kitambaa kwenye kingo zote mbili, mzunguko mzima, si pale palipozama tu. Usitumie oili, grisi wala dizeli. Mafuta ya aina hiyo huuharibu mpira, tena hayakauki. Ukishika breki, tairi linazunguka juu ya rimu, linaivuta tyubu na shina la valvu linakatika. Sabuni ina uzuri wa kuteleza unapoihitaji na kukauka ukishamaliza.

Toa kisindano cha ndani cha valvu ili upepo uingie kwa kasi, kisha jaza. Utasikia mlio wa "pwa", pengine mara mbili, ukingo ukipanda ngazi. Mlio usikudanganye, angalia kwa macho. Ubavuni mwa tairi, karibu na rimu, kuna kistari kilichochomoza kinachozunguka tairi lote. Umbali kati ya kistari hicho na mdomo wa rimu unatakiwa kuwa sawa kila mahali, pande zote mbili. Kikipotea ndani ya rimu mahali fulani, hapo ndipo palipozama.

Pakizama, usiongeze upepo. Toa wote. Paka povu tena, na safari hii zaidi upande unaoelekea palipozama. Simamisha gurudumu, sehemu iliyozama iwe juu, kisha ulidundishe chini mara kadhaa. Ardhi inausukuma ndani ule upande uliopanda sana, na waya, kwa kuwa haurefuki, unaiinua sehemu iliyozama. Jaza tena. Mara nyingi linakaa kwenye jaribio la pili au la tatu. Likigoma hata hapo, toa tairi uangalie ndani, kwa sababu kuna uwezekano tyubu imekunjika au imebanwa chini ya ukingo.

Kuhusu kipimo: watengenezaji wengi wanaonya usivuke PSI 40 unapotafuta kulikalisha tairi. Maana yake ni kwamba kila eneo dogo kama stempu ya barua linasukumwa kwa uzito wa kilo 18 hivi, na stempu za aina hiyo ni nyingi ndani ya tairi moja. Ule waya wa Welch ukikatika katika hali hiyo, au rimu ikipasuka, aliyeinama juu yake ndiye anayepigwa. Usijaze kwa kompresa ya malori bila geji, na usiweke uso juu ya gurudumu ukisubiri mlio.

Nimeona pia mtindo wa kumwaga petroli kidogo ndani ya tairi na kuwasha kiberiti ili mlipuko ulikalishe. Wanaofanya hivyo wameuona kwa madereva wa malori na matrekta, kwenye matairi yasiyo na tyubu, na hata huko ni kucheza na maisha. Kwa tairi lako la tyubu haina hata maana, kwa kuwa upepo unaolisukuma umo ndani ya tyubu, na petroli huilainisha na kuioza tyubu yenyewe.

Matairi yasiyo na tyubu yana kisa chao. Frank Herzegh wa kampuni ya B.F. Goodrich ya Marekani alipata hati yake mwaka 1952, na baadaye yakaingia kwenye pikipiki. Hapo ukingo unafanya kazi mbili, kushika na kuzuia upepo usitoke, na rimu nyingi zimewekewa kinundu kidogo kwenye ngazi ili ukingo usirudi mfereji. Ndiyo maana yanahitaji upepo wa ghafla wa kompresa na mlio wake ni mkubwa zaidi. Ukiwa na rimu za spoti usidhani tu kwamba hazina tyubu. Soma ubavuni mwa tairi na kwenye rimu yenyewe.

Kistari kikishalingana pande zote, toa upepo wote mara moja tena ili tyubu ijinyooshe, rudisha kisindano, jaza mpaka kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu au kibandiko cha pikipiki yako, kisha tazama shina la valvu. Kama limesimama wima, kaza kifuniko, nati iache palepale. Kama limelala upande, tyubu imevutika: toa upepo, rudisha tairi taratibu upande linaolalia mpaka shina lisimame, ujaze upya. Asubuhi, kabla hujapakia mzigo, inua gurudumu lizunguke huku macho yako yakiwa kwenye kistari.